Ugomvi wa Namba 37 na Namba 112

Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ana mke, ana binti aliyeolewa Likasi, halafu anasoma vitabu vya watoto! Hivyo ndivyo nusu ya Kolwezi ilivyomjua Polycarpe Ngeleka. Kazi yake ilikuwa kupima madini. Mabehewa yalipita juu ya mizani kubwa ya reli, yeye akasoma mshale na kuandika uzito. Kati ya behewa moja na jingine aliinamisha kichwa chini ya meza, na waliopita dirishani walijua kilichomo kule chini si chupa. Kilikuwa kitabu, na juu ya jalada lake kwa kawaida palikuwa na picha ya mtoto anayekimbia.

Walimcheka hadi wakachoka, naye hakujali hata chembe. Ugonjwa ule aliletewa na binti yake mwenyewe. Ndaya alipokuwa na miaka kumi aliazima riwaya parokiani, kule mtaa wa Manika, na baba akataka kuhakikisha haina upuuzi. Akaketi kuipekua, ukurasa mmoja tu. Alipoinua kichwa ugali wa bukari ulikuwa umepoa, mboga ya sombe imeliwa, na mtoto analia anadai kitabu chake. Basi, Ndaya akakua, akaingia mambo ya wakubwa, akaolewa. Baba akabaki kulekule.

Biblioteki, maktaba ya parokia, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, na humo ndani mwenye amri alikuwa Mama Mbuyu, mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Mara mbili kwa mwaka ilifika katoni ya riwaya mpya za watoto na vijana, zote za Kifaransa. Mama Mbuyu alikuwa na desturi yake. Nyuma ya kila kitabu alibandika karatasi, na hukirudishi kabla hujaandika maoni yako, tena kwa Kiswahili cha nyumbani, usije ukanakili sifa za jaladani. Jina haliandikwi. Unaweka namba ya kadi yako basi, ili mtoto wa miaka tisa asiogope kumpinga mwalimu wake. Na ukimwuliza Mama Mbuyu namba fulani ni nani, atakutazama mpaka wewe mwenyewe uone haya.

Polycarpe alikuwa namba 37, na watu waliazima vitabu wakasome karatasi zake kwanza. Kuna riwaya ya yatima aliyesifiwa sana. Yeye akaandika: "37: Huyu mutoto anasamehea batu mbio sana. Ukurasa wa kumi banamupiga, ukurasa wa kumi na mbili anabapikia chai. Mwandishi hajakala na mutoto hata siku moja." Kuna nyingine ya watoto wanne wanaomfuata mwizi wa soko. "37: Muzuri sana, nilisahau kushuka ku basi. Lakini mbona hakuna mwenye anakula? Kurasa mia moja makumi nane, hata kipande cha muhogo hakuna!" Alichukia kitabu kinachosimama katikati ili kufundisha kunawa mikono. Alipenda mtoto mwongo asiyekamatwa. Na yule mtu mzima anayetokea mwishoni kutatua mambo yote, Polycarpe alimwita mwizi, kwa sababu amewaibia watoto kitabu chao.

Sasa, siku moja anarudi kuangalia karatasi ya yule yatima, anakuta chini yake maneno mapya, herufi ndogo zimesimama wima. "112: Wewe 37, mutoto anasamehea mbio juu hana pengine pa kulala. Soma tena ukurasa wa tisa." Polycarpe akafungua ukurasa wa tisa palepale, amesimama. Loo, ilikuwa kweli! Damu ilimchemka kwa furaha hata Mama Mbuyu akamwambia ashushe pumzi, humu si kiwanjani. Akaandika: "37: Sawa. Lakini hata chai?" Wiki iliyofuata jibu lilikuwepo: "112: Hata chai."

Tangu hapo, miaka minne, hakuna kitabu kilichopita bila wawili hao kushikana mashati. Huyu akisema riwaya ni tamu, yule anauliza tamu kwa nani. Polycarpe aliamua kwamba 112 ni msichana wa shule, miaka kumi na mitatu hivi, miguu miembamba, ulimi mrefu. Nani mwingine angekuwa na ujasiri ule? Kwenye karatasi akamwita "mutoto wangu", na akikasirika, "wewe ka-mutoto". 112 hakukana hata mara moja. Nyumbani Polycarpe alimsimulia mkewe, Mama Ndaya. Kazini alimsimulia Séraphin Mbayo.

Huyo Séraphin alikuwa msaidizi wake kwenye mizani, mtu wa Katanga ya kaskazini, mwaka wa kumi na moja sasa wameketi katika kibanda kimoja. Alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo yalikuwa uzito wa behewa. Polycarpe alimweleza ugomvi wote, ka-mutoto kamesema hivi, mimi nikakajibu vile, akacheka peke yake mpaka machozi. Séraphin alitazama mshale.

Mwaka wa tisini mgodi wa chini ya ardhi ukaporomoka, na kila kitu kikaanza kuufuata. Behewa likapita asubuhi, la pili likaja jioni. Msomaji alipata nafasi ya kusoma, lakini hata yeye aliona hiyo si neema. Kisha katika mikutano wakubwa wakaanza kusema kwamba watu wa Kasai wamekula nchi ya wenyewe, wapande treni warudi kwao. Wazazi wa Polycarpe waliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Yeye alizaliwa papa hapa Kolwezi, na hiyo Kasai aliiona kwenye ramani ya shule tu.

Mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tatu, wakati miji mingine tayari ilikuwa imewafukuza watu wa Kasai, Mama Mbuyu akampa riwaya moja kutoka katoni ya mwisho. Msichana na jamaa yake wanakimbia mafuriko, na badala ya kubeba kitu cha maana, wanang'oa mlango wa nyumba, wanapokezana kuubeba njia nzima. Polycarpe alifika nyumbani, akafungua nyuma kwanza, kama kawaida yake. 112 alikuwa amemtangulia. "112: Wewe 37, fika mpaka ku mwisho. Utalia. Kama haukulia, mi naacha kusoma bitabu."

Aliruka kutoka kitini. Dau! Hawajawahi kuwekeana dau! Akasoma kurasa sitini kwa mkupuo mmoja, akimwambia Mama Ndaya kwamba hakuna mtu mwenye akili anayebeba mlango akaacha sufuria, na kesho yake akaenda kazini mbiombio ili amsimulie Séraphin.

Hakuwahi kusimulia. Kibandani alikuta vijana sita wenye fimbo na mtu mmoja mwenye karatasi. Karatasi ilisema mpimaji kuanzia leo ni Séraphin Mbayo. Polycarpe alimtazama Séraphin, akangoja. Angesema hata neno moja, hata pole. Séraphin alinyoosha mkono, akachukua kalamu ya mizani mezani, akaiweka sikioni, macho kwenye mshale, na mshale wenyewe ulikuwa umelala kwenye sifuri. Hilo lilimuuma Polycarpe kuliko fimbo.

Walipewa mpaka adhuhuri kuondoka nyumbani. Mama Ndaya alifunga masufuria, magodoro na cherehani, na mumewe akafunga kitabu ndani ya shati lake la Jumapili. Mke akamwuliza kama akili imemruka. Akamjibu kwamba kitabu ni cha watu na lazima kirudi, lakini zaidi ya hapo kuna ka-mutoto kanangoja jibu. Jibu lisipofika, katadhani 37 hakulia, na kwa kichwa kigumu kile kalichonacho, kataacha kusoma kweli. Mama Ndaya alitaka kukasirika akashindwa. Aliufunga mzigo ule mwenyewe, kwa mafundo mawili.

Kwenye kituo cha treni walikuta maelfu wamejaa chini ya maturubai, na treni hakuna. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Watoto waliharisha, wazee walinyamaza. Polycarpe akaona atapasuka. Akafungua kitabu, akaanza kukisoma kwa sauti, macho yanapita kwenye Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Siku ya kwanza walikuwa watoto wanane. Siku ya nne huwezi kuhesabu. Na ugomvi ukazuka, ugomvi mtamu kabisa! Nusu ya watu walisema mlango uachwe njiani, ibebwe sufuria, nusu wakasema ukiacha mlango utakuwa umekubali. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya fremu ya dirisha lake akawauliza wale wa sufuria kama wao sufuria zao zina nini ndani. Watu walicheka, hapo kituoni, katika hali ile, wakacheka wakashika mbavu.

Mwishoni msichana anausimamisha mlango katikati ya uwanja mtupu, hakuna nyumba nyuma yake, halafu anabisha hodi kabla ya kupita. Watu walilia. Polycarpe hakulia, maana yeye alishamwaga machozi yote siku iliyotangulia, ukurasa wa mia moja na nne, pale kaka mdogo anapouliza ni nani sasa atafunga ile nyumba waliyoiacha. Alisimama kusoma pale, akashindwa kuendelea, mkewe akampa maji.

Jioni ileile akaandika kwenye karatasi ya nyuma, taratibu, kwa hasira na mapenzi pamoja. "37: Mutoto wangu 112, nililia. Umeshinda. Usiache kusoma. Na siku utakuwa mukubwa, usikuwe kama bakubwa ba leo, benye banaona na kunyamaza."

Lakini kitabu kifike vipi Manika? Si mbali, ila barabarani kuna fimbo. Mtawa mmoja aliyeleta uji aliahidi kukichukua kesho, na kesho yake hakuruhusiwa kuingia. Siku zikaenda. Polycarpe alikuwa halali vizuri, si kwa sababu ya baridi.

Treni ilikuja Jumanne, ghafla, mabehewa ya wazi ya madini. Aliyajua moja moja. Lile la tatu amelipima mara mia, na leo anapandishwa humo na mke wake, magodoro yake na cherehani. Kitabu kilikuwa mkononi, anatafuta uso wowote wa kuuamini, na uso uliotokea kati ya watu ulikuwa wa Séraphin Mbayo, na kalamu sikioni.

"Tata Polycarpe," Séraphin alisema. "Lete kitabu. Mi nitarudisha."

Polycarpe alikiweka nyuma ya mgongo. Akamwambia kwamba ameshachukua kalamu na kiti, inatosha, na hiki hakichukui. Watu wakageuka kutazama. Séraphin aliinama akatazama magurudumu ya behewa, kama mtu anayesoma mshale. Halafu akainua macho.

"Ulilia?"

Polycarpe aliinama ukingoni mwa behewa amwone vizuri. Habari za lile dau hakumwambia mtu wa kazini, alikuwa anakwenda kusema siku ile ya fimbo. Humu kituoni alisoma hadithi, karatasi ya nyuma hakumsomea yeyote ila mkewe. Mtu wa tatu aliyejua ni aliyeandika.

"Ni wewe?" alisema. "Miaka ine nakuita ka-mutoto, na uko kando yangu?"

"Kadi yako unatia mu kitabu, namba inaonekana," Séraphin alisema. "Nilipenda. Ku karatasi njo kwenye nilikuwa nasema."

Wee! Polycarpe alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa ukuta wa behewa ulikuwa kati yao hakuweza lolote, akaanza kugombana. Nililia, akamwambia, lakini si mwishoni, mwisho wako ni wa kulazimisha, nililia kwenye mia moja na nne. Séraphin, yule wa maneno matatu, akapandisha sauti kwamba pale si pa kulia, nyumba haina mlango, kaka anauliza itafungwa na nani, swali gani hilo? Ndiyo palepale, Polycarpe akapiga kelele, ndiyo palepale pa kulia! Wakabishana kuhusu yule kaka, wakabishana kuhusu sufuria, mikono inapaa, watu wa behewani wakaingilia, mama wa fremu akamwambia Séraphin hajui kusoma. Dakika zile zilikuwa tamu, Mungu anajua. Filimbi ilipolia Polycarpe alimpa kitabu kwa mikono miwili, bila kufikiri, kama unavyompa rafiki.

Séraphin alifungua nyuma kwanza.

Hapo ndipo Polycarpe alipokumbuka alichoandika, na aliyekuwa akimwandikia. Alinyoosha mkono akirudishe, lakini behewa lilikuwa limeshaanza kusogea. Aliona macho ya Séraphin yanashuka mstari kwa mstari, yanafika wa mwisho, yanarudi juu, yanashuka tena.

"Jibu, 112!" alipiga kelele. "Andika!"

Séraphin alitoa kalamu sikioni, ile ya mizani, akaiweka juu ya karatasi. Treni ilipinda kwenye kona ya maghala. Polycarpe alisimama juu ya magodoro, ameshikwa shati na Mama Ndaya asianguke, akitazama mpaka kituo kilipotoweka, na kalamu ile ilikuwa bado haijasogea.