Funda la Forosadi

"Shangazi, mbona ulimeza?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, mwaka ule mvua ilipokataa kabisa kwetu Mbololo, Taita. Midomo yake ilikuwa bado na rangi ya zambarau. Aliingia ndani akafunga mlango.

Shangazi yangu ni Wakesho, dada ya baba. Kabla ya vita vya Waingereza na Wajerumani alijulikana kwa vitu viwili ambavyo hakuna mwingine aliyekuwa navyo upande wetu wa mlima: bata na miforosadi, miti yenye matunda madogo matamu. Vyote vilitoka Voi. Mumewe, Thadeus, alikuwa akishusha ndizi kuziuza karibu na stesheni, na huko Mwanaesha, mke wa mwenye duka, akampa mayai sita ya bata na vijiti vitatu vya mforosadi vilivyofungwa kwa kitambaa chenye maji.

"Pandeni karibu na mfereji," alimwagiza, "na bata muwafuge chini yake. Tunda likianguka, wao watakula, na mbolea wataitia wenyewe. Kazi yenu ni kufagia tu."

Shangazi aliyaatamisha mayai yale kwa kuku. Baba anasema siku vifaranga walipojitosa mferejini, yule kuku alikimbia huku na huku ukingoni akipiga kelele, mpaka majirani wakaja kutazama.

"Wakesho, kuku wako amezaa vyura," walimwambia.

Nyama ya bata hawakuitaka, ati kwa sababu ya ile miguu. Lakini forosadi zilipoiva, kijiji kizima kilimkumbuka Wakesho. Mimi mwenyewe nakumbuka kugombania matunda yaliyoanguka na bata dume mmoja mweupe, mdomo wake umeiva zambarau kama wangu. Mara nyingi alinishinda.

Vita vilipokuja, mkuu wa kijiji alitaka mtu mmoja kutoka kila boma aende kubeba mizigo ya jeshi, kwenye kikosi walichokiita Kariakoo. Katika boma la shangazi walikuwa wanaume wawili, Thadeus na kaka yake Obadiah, mwalimu wa shule ya misheni. Obadiah alisema mguu wake umevimba. Akaenda Thadeus. Wiki iliyofuata mguu ulikuwa mzima kabisa, na watu wakaupa jina: mguu uliopona vita. Thadeus hakurudi. Mpagazi mwenzake aliyerudi alisema tumbo la kuhara lilimmaliza ng'ambo ya Taveta, na kwamba alizikwa na wenzake katika shimo moja, bila blanketi.

Kwa mwaka mzima shangazi alimpita Obadiah njiani kama anavyopita kisiki. Kisha njaa ikaja. Bata aliwauza na kuwachinja mmoja mmoja mpaka akabaki jike mmoja. Miforosadi miwili ilikauka. Wa tatu ulisimama pale mferejini, palipobaki tope.

Wakati huo ndipo mtoto wa Obadiah, Donald, alipougua kifua. Alikuwa na miaka mitano. Wazee wakatazama, wakasema kuna hasira ya mtu wa karibu inayomshika, na mwenye hasira hiyo lazima aitoe. Kwetu hilo lina njia yake, tunaiita kutasa. Mtu anajaza kinywa kwa pombe ya miwa, anasema maneno ya kusafisha moyo, huku akiinyunyiza kwa midomo. Hasira inatoka pamoja na pombe.

Walikuja mchana: Obadiah, mzee Mwadime na baba, nami nikafuata nyuma yake.

"Shemeji," Obadiah alianza, "leo sikuja kama mwalimu."

"Mwalimu umemwacha nyumbani?" shangazi akamuuliza. "Na ule mguu, umekuja nao?"

"Wakesho," mzee Mwadime akasema, "mtoto hajui habari za mguu."

"Najua. Na mayai anayokula ni ya bata wa nani?"

Ilikuwa kweli. Yule bata jike alikuwa akitaga kila baada ya siku mbili, na shangazi alilipeleka kila yai kwa Donald.

"Basi hasira mnayoitafuta iko wapi?" akauliza.

"Hasira haionekani, mama," mzee akasema. "Ndiyo maana inatemwa."

Shangazi akakubali. Miwa ilikuwa imekauka kote, hapakuwa na pombe. Mzee akachuma forosadi zote zilizobaki mtini, hazikujaa hata kiganja, akazikamua kwenye kibuyu na kuongeza maji kidogo. Shangazi akapiga funda. Sote tukangoja.

Nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona koo lake likishuka.

"Tema," Obadiah akasema. "Shemeji, tema."

Hakukuwa na cha kutema. Mzee Mwadime alichukua kibuyu chake.

"Iliyomezwa imekaa," alisema. "Hairudiwi."

Donald alifariki siku ya tatu. Mama yake, Dinah, alikuja na panga akaukata ule mforosadi mpaka chini. Bata tulimkuta ameuawa kwa mawe. Baba alitukataza kwenda kwa shangazi. Hata watu wa misheni, waliotufundisha kwamba kutasa ni upagani, walihama benchi aliloketi. Wengine walisema mayai yale ndiyo aliyoyatilia hasira. Aliugua mafua makubwa yaliyofuata vita, peke yake, na hakuna aliyempelekea maji.

Sasa nina miaka kumi na tano, bado nasoma, na Obadiah ndiye anayenifundisha hesabu. Kisiki cha mforosadi kimechipua. Shangazi ana bata kumi na mmoja, aliowaanza upya kwa mayai mengine, wanaonunuliwa na watu wa Voi, maana wa hapa hawagusi cha kwake. Juzi nilikwenda bila kumwambia baba. Nilimkuta akiwamwagia pumba, nikamuuliza tena swali lile lile.

Alimwaga pumba zote kwanza.

"Ilikuwa siku ya nne sijala," alisema. "Maneno nilikuwa nayo tayari, na moyo ulikuwa mweupe. Utamu ulipogusa ulimi, koo likameza lenyewe. Ningewaambia nini? Nilionelea heri waseme ni hasira, kuliko Dinah ajue mwanawe nilimbadilisha na funda la forosadi."