Kichwa cha Kaleb

"Kuku wangu hachinjwi, Baba Elisha! Hata angekuwa amemeza pete ya ndoa."

"Pete ningenunua nyingine, Mama Edna. Huyu kamla Kaleb."

Mama Edna, jirani wa ukuta mmoja, alimbana kuku kwapani. Vifaranga saba walimzunguka miguuni wakimlilia mama yao.

Kichwa chenyewe cha Kaleb hakikuzidi punje ya hindi, ndipo balaa lilipoanzia. Mzee Mdoe, huyo Baba Elisha, aliendesha kifaru jeshini, kifaru cha chuma, ingawa watoto wa Kwamndolwa waliamini alipanda mnyama mwenye pembe. Hakuwasahihisha, aliwaambia alimlisha mabua na kumwogesha kila Ijumaa. Kisha akastaafu, mkewe akafa, mwanawe Elisha akapotelea kwenye meli za watu. Mwezi uliopita Elisha alituma boksi badala ya kuja: askari wa kifaru wa plastiki, wa siku hizi, wenye kofia za kusikilizia redio. Walikuja vipande vipande, mikono huku, vichwa kule, uwaunge kwa gundi na kuwapaka rangi. Akisimama, askari hafiki urefu wa kidole.

Dereva, mzee alimfanya awe yeye mwenyewe. Mpiga mzinga alimfanya awe Kaleb, rafiki yake wa jeshini aliyezikwa Kwedizinga bila kuacha picha hata moja. Sura ilimkataa. Apake, afute, apake. Leo alfajiri, kwa ncha ya mwiba wa mchungwa, Kaleb akatokea: mdomo wa mtu anayezuia kicheko. Mzee akaongea naye mpaka chai ikapoa. Kisha akafanya kama anavyofanya kwa kila kitu kibichi: akakianika kichwa uani, juu ya ungo. Sasa kuku gani atauruka ungo?

"Firigisi inasaga kokoto," alisema mzee. "Jioni Kaleb atakuwa unga."

"Ngoja atakitoa. Mkata kuna jogoo alimeza saa ya mwalimu, mpaka leo anawika kumi na moja kamili, na likizo hawiki."

"Nimengoja! Nimemfuata na kijiti tangu saa mbili, nikichokoa kila anachodondosha. Watu wananicheka."

"Basi paka kingine. Si umesema vichwa vya ziada vipo?"

"Vichwa vipo, uso haupo. Nilishausahau mara moja, Mama Edna. Nikiupoteza tena, nani atanikumbusha? Nimebaki mimi tu."

 Mama Edna akamweka kuku chini, akachomoa kisu kwenye ukuta wa banda, akamwelekezea mpini.

"Haya, chinja. Lakini hawa saba utawaatamia wewe."

Kuku hakukimbia. Alijitanua pale pale mavumbini, na vifaranga wakajipenyeza chini ya mbawa, mmoja mmoja, mpaka haukuonekana hata mguu. Mzee Mdoe alisimama na kisu muda mrefu. Kisha akakirudisha ukutani.

"Mwache," alisema, akakaa kwenye kigoda. Mkononi alishika kiwiliwili cha askari kisicho na kichwa.

Mama Edna akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu naye.

"Alikuwaje, huyo Kaleb?"

Tangu mkewe afe, hakuna aliyemuuliza mzee swali linalohitaji jibu refu. Akakohoa.

"Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo. Akitaka kukudanganya, kwanza alikuwa—"

"Hodi hapa!" Asnath wa mashine ya kusaga aliingia na debe kichwani. "Shikamooni. Wazee mnamteta nani?"

Mzee Mdoe alitia mfukoni ngumi yenye kiwiliwili, na mkono ulipotoka ulikuwa mtupu.

"Marahaba, mwanangu. Tunamsema kuku tu."