Skrubu ya Chuma Kando ya Dira

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya skrubu moja, mwanangu Bhoke, ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Juzi ulipokuja likizo kutoka kwenye karakana yenu ya ndege, ulikaa hapa ukamsema mwenzako tangu chai hadi chakula cha mchana: anapendelewa, anajipendekeza, bosi haoni mwingine. Ilikuwa kama najisikiliza mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi msaidizi kwenye kiwanja kidogo cha ndege huko Serengeti. Tulikuwa wawili, mimi na Chacha, wote wa Tarime. Chacha alikuwa na mikono ya ajabu. Rubani wetu, mtu wa Moshi asiyesema sana, akishuka tu anauliza, "Chacha yuko wapi?" Na mimi nimesimama hapo hapo, bisibisi mkononi. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti vizuri. Akicheka, naona ananicheka mimi. Nisikufiche, hata leo nikimtaja kuna kitu kinanichoma kidogo.

Kilichoniuma zaidi ni kiti. Pale kwetu ilikuwa desturi kwamba fundi aliyefunga kazi ndiye anayepanda na rubani safari ya kwanza baada ya matengenezo. Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake. Miaka miwili mizima alipanda Chacha, mimi nikabaki chini nafuta mafuta.

Basi, tulikuwa tumerudisha dira mahali pake, juu ya dashibodi. Ndege ile haikuwa na hivi vioo vyenu vya satelaiti; rubani alitegemea dira. Tuliizungusha ndege katikati ya duara la mawe tuliyoyapaka chokaa kuonyesha pande za dunia, tukaielekeza kila upande, na dira ikasoma sawasawa. Jioni Chacha akaona skrubu moja ya dira imelika kichwa. Akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa nyingine, akaifunga. Ya kwanza ilikuwa ya shaba. Hii ilikuwa ya chuma, na chuma kikikaa karibu na dira, dira hudanganya. Yeye alikuwa amechoka, hakuona. Mimi niliona. Nikasema moyoni, acha, kesho rubani atamjua vizuri huyu fundi wake.

Nielewe, sikutaka afe. Nilitaka aaibike. Lakini nilijua skrubu ile ingeweza kuleta yote mawili, na bado nikaenda kula ugali wangu.

Asubuhi rubani ameshawasha injini, Chacha akanishika bega. "Mura, kijana mwenzangu, leo panda wewe," akasema. "Mnapita juu ya kwenu Genkuru. Ukalione boma la mama yako kutoka juu. Nimeshamwomba rubani."

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Tungezima injini, tukabadilisha skrubu, tukaipeleka ndege tena kwenye mawe, yakaisha. Lakini ningejulikana kuwa nimelala na siri ile, na kiti kingenipita tena. Nikapanda.

Ulikuwa msimu wa kuchoma nyasi, na moshi ulifunika kila kitu. Tulipaswa kuuvuka mto Mara mapema, lakini dakika zilipita na mto hatuuoni. Rubani aliigonga dira kwa kidole, akatazama saa, akatazama mafuta. Kisha kilima kikatokea mbele yetu, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kilima. Akaivuta ndege juu, tukakipita. Ndipo nikapaza sauti ili anisikie: "Dira inadanganya. Kuna skrubu ya chuma. Nilijua tangu jana."

Rubani aliiacha dira, akalitafuta jua, duara jekundu ndani ya ule moshi, akaliweka mgongoni. Tulikwenda magharibi hadi mto ukaonekana, akaufuata, hadi nikaona mashimo mekundu ya wachimba dhahabu wa Nyamongo. Boma la mama lilikuwa karibu na hapo. Sikuthubutu kuangalia chini.

Tuliporudi, rubani alimweleza Chacha kila kitu. Nilitegemea kupigwa. Chacha alipanda kwenye ndege, akaifungua ile skrubu, akakubali mbele ya wote kwamba aliyeifunga ni yeye. Kisha akanijia. "Umesema kwa sababu ulikuwa ndani," akaniambia. "Ningekuwa ndani mimi, ungesema?"

Mwaka jana tulimzika Chacha kijijini kwao, Kerende. Nilisimama kaburini kwake nikijiuliza swali lile lile.

Sikukatazi kuona wivu, mwanangu. Utakuja tu, ni wa ukoo huu. Ukikuzidi, njoo umseme mwenzako hapa kwangu, nitakusikiliza tangu chai hadi jioni. Lakini ukiona amefunga skrubu isiyostahili, mwambie kabla injini haijawashwa, hata kama sifa zote zitamwendea yeye. Usisubiri mpaka kiti kiwe chako. Mimi nilisubiri, na maneno yangu hayakuwa na thamani tena.

Nenda kazini. Mungu akupe jicho la kuona kosa la mwenzako, na mdomo wa kulisema akiwa bado chini. Na siku yeye akiliona lako, Mungu asimwache anyamaze.