Siku Nilipobeba Sanda Sokoni

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wauza kabichi, maana wale wanaongeza chumvi.

Nilipokuwa mdogo mama alinituma nimpelekee shangazi jogoo kule Shume, nikamficha ndani ya koti kwa kuwaonea haya wenzangu, na nilipofika mbele ya madrasa, watoto wote kimya, akawika kifuani kwangu. (Mpaka leo wazee wenzangu wananiita Jogoo.) Yaani mimi kuficha kitu sikujaliwa.

Sasa majuzi mvua ilinikuta Lushoto mjini, nikajibanza maktaba, mimi niliyeishia darasa la pili, nikakuta watu wamekaa duara na vikombe vya chai wanaongea habari za kufa, hivi hivi tu. Binti wa maktaba akanigeukia, "Babu, bibi angependa azikwe wapi?" Nikamwambia sijawahi kumuuliza. Mke wangu alikuwa kitandani anaumwa kifua, na swali hilo hilo lilikuwa linaninyima usingizi, lakini kumuuliza mgonjwa si ni kama kumfukuza?

"Anza na kitu," binti akasema, "kiweke mezani, atauliza mwenyewe."

Nikanunua sanda. Yangu, jamani! Na pamba yake na kafuri. Nikafunga kwenye gazeti, mvua ikalilowesha, likapasuka sokoni mbele ya jirani yetu Mwanaidi, muuza kabichi. Akashika kichwa: "Pole, shemeji!" Nami kwa adabu tu nikajibu, "Nimeshapoa," nikaenda zangu kunywa chai.

Nafika nyumbani, uani kuni zimejaa, mlango umefungwa, wananisubiri mimi mwenye msiba, kina mama wanalia, "Alikuwa na mdomo, lakini mkarimu!" Mwanamume mmoja na jembe lake akaninong'oneza, "Kaburi tuchimbe wapi, mzee?"

Nikaugeukia mlango.

"Kwai, pembeni ya mama yangu!" ikajibu sauti ndani, mlango ukafunguka, mke wangu huyo, shuka begani. Watu walivyotawanyika! Mwanaidi aliruka ua akaacha khanga.

"Na aliyesema nina mdomo arudi hapa!"

Kuni hatukurudisha. Tulipikia uji, tukaongea yote, na sanda akanipima nayo mgongoni, akasema nimenunua fupi.

Alipopata nafuu nikaenda maktaba kumshukuru yule binti. Nachungulia mlangoni, akaniona: "Babu, karibu! Leo ni wosia, kila mtu aondoke na kitu cha kuanzia!" Nikageuka, nikashuka ngazi, na maktaba ile haijaniona tena.