Pikipiki Tuliyomwazima Mama Feza

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya hospitali, hapa Kindu, sikushika hata spana. Shefu wa Garaji, mkubwa wetu, alinipa kitambaa na bakuli la petroli, akaniamuru nisafishe kabureta, yaani kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Enzi hizo za Zaire sote tuliitwa sitwayeni, yaani raia, wakubwa kwa wadogo, lakini Shefu alikuwa sitwayeni kupita wengine. Alivaa abakosti yake, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, hata akiwa chini ya lori.

Baadaye nilitumwa Punia, kisha Lubutu, kutengeneza pikipiki za wauguzi. Huko nilijionea msitu: matope yanayomeza gurudumu zima, na madaraja ya magogo mawili tu. Niliporudi Kindu nilijiona fundi aliyeiva.

Msimu mmoja mvua iliharibu njia ya Kampene, lori letu likashindwa kupita. Mama Feza, mkunga wetu na rafiki wa garaji nzima, akaja kutuona.

“Kule kuko wamama wanakaribia kuzala,” akasema. “Muniazime piki.”

Hakuwa ameendesha chombo chochote chenye injini maishani mwake. Tulikuwa na pikipiki tatu za msituni, nami nikakimbilia kusema, “Shefu, tumupe ile kubwa. Iko na nguvu.”

“Nguvu ya kufanya nini? Angusha zote tatu mu matope.”

Nilidhani homa imempanda. Nikazilaza uwanjani, abakosti ikinisimamia. Shefu akamwambia Mama Feza ainue kila moja peke yake.

Ile kubwa aliitikisa usukani tu. Ya pili aliiinua, lakini Shefu akatikisa kichwa. Injini yake ilitaka oili ichanganywe na petroli kila unapojaza tangi. “Muntu wa kuazima anasahau,” akasema. “Siku atasahau, pistoni itakamata, injini itakufa, naye atabaki mu pori.” Ya tatu ilikuwa ndogo, fupi, injini yake inapozwa na upepo na oili yake inakaa mahali pake. Mama Feza aliinyanyua, akaipanda, miguu yote miwili ikagusa ardhi. Alicheka na matope yake mpaka viwiko.

“Njo hii,” Shefu akasema.

Nilibadilisha gia ndogo ya mbele inayovuta mnyororo, nikaweka ndogo zaidi, ili pikipiki iende polepole lakini ipande mlima. Nikamfundisha klachi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, hadi Shefu akaenda kujificha ofisini.

Mwishowe Mama Feza akaondoka kwenda Kampene. Haukupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja wa Kivu akarudi kutoka njia ile ile, lori lake likiwa bado na mizigo yote. “Daraja imeenda na maji,” akatuambia. “Hakuna muntu anapita.” Tangu hapo kila mlio wa injini barabarani ulinitoa nje mbio.

Mama Feza alirudi mchana, siku ambayo nilikuwa nimekata tamaa. Kwa matope, hukuweza kujua rangi ya kitambaa chake cha kichwa. Nyuma yake alikaa mwanamke mwenye mimba, amemshikilia kiuno, macho amefumba. Mtoto alikuwa amekataa kutoka. Wauguzi wakambeba yule mama mbio.

“Daraja haiko,” Shefu akasema. “Umepita wapi?”

“Mu mtumbwi, Shefu. Nilivusha piki kwanza, nikarudi kukamata mama.”

“Nani alilaza piki mu mtumbwi?”

“Miye.”

Shefu akasimama wima, mikono ubavuni, kama bendera inapandishwa. Sikuwahi kumwona akisimama hivyo mbele ya mtu, hata Komisa wa Mkoa. Nami nikasimama. Niliijua kila nati ya pikipiki ile, na bado niliitazama kama kitu nilichokuwa sijawahi kukiona.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza wanunue pikipiki gani ya kuwaazima marafiki. Nawaambia waiangushe kwanza, nao hunicheka. Katika kazi yangu nimesikia injini nyingi zikiwaka baada ya kukataa, na kila mara nilifurahi. Lakini sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mchana ule, tulipokuwa bado pale nje na Mama Feza. Ilitoka kwenye dirisha la wodi ya wazazi, ng'ambo ya uwanja wetu. Mtoto alikuwa analia.