Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Mwaka wangu wa mwisho shuleni, mwalimu wetu wa uchongaji alitupa kazi moja tu. Tumfinyange mnyama kwa kumtazama akiwa hai, na pamoja na sanamu tuandike ukurasa mmoja kueleza ni nini kilichotuvuta. Picha za simu alizikataza. "Mnyama wa kwenye simu hana uzito," alisema, na mimi niliyekuwa na picha chungu nzima za paka wa jirani nikaona kazi imenishinda kabla sijaloweka udongo.

Baba yangu ni mchinjaji. Tunakaa mtaa wa Buyenzi, na mtu wa barabara yetu akiwa na mbuzi wa akika au ng'ombe wa harusi humwita yeye, kwa kuwa ana mkono mwepesi na hamtesi mnyama. Ungedhani basi kwamba mimi ningekuwa wa mwisho kukosa mnyama wa kumtazama. Lakini mnyama aliyefika mbele ya baba hana muda wa kutazamwa. Nilikwenda machinjioni mara mbili na ubao wangu wa udongo, nikarudi mara ya kwanza na mgongo usio na miguu, mara ya pili na kichwa kisicho na mwili. Wenzangu darasani walicheka mpaka wakakaa chini.

Halafu kulikuwa na suala la sanamu zenyewe. Nyumbani kwetu haiwekwi sanamu ya kiumbe mwenye roho. Baba hakunikataza kusoma nilichotaka, ila siku nilipomwonyesha mbuzi wangu wa kwanza wa udongo alinikumbusha tulichofundishwa madrasa, kwamba siku ya mwisho mwenye kuchonga kiumbe ataambiwa akitie roho, naye hataweza. Alisema hapendi mtoto wake asimamishwe mbele ya watu wote aambiwe afanye asichokiweza. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayekukumbusha usisahau mwavuli, na hakuyarudia. Tangu siku hiyo kazi zangu zote zililala shuleni.

Ndiyo maana nilishangaa Jumatatu ile aliporudi alasiri, akanawa, akakaa kwenye mkeka, akaniita mama, kama anavyoniita siku zote mimi binti yake.

"Mama, kesho kuja na udongo yako kule mtaa ya viwanda, kwa ule tajiri wa nyama. Iko ng'ombe moja haitembei."

"Haitembei namna gani, baba?"

"Imevunjika mguu ya nyuma. Itakaa palepale. Utaitazama vizuri."

Nilifurahi. Nimejaribu kutafuta neno lingine la kuweka hapa, lakini hilo ndilo la kweli. Nilifurahi, nikamshukuru, nikaenda kuloweka vitambaa vya kufunikia udongo.

Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo Jumanne asubuhi tulitembea, yeye na kisu chake ndani ya taulo, mimi na ndoo ya udongo na mifupa ya waya niliyoikunja usiku. Njiani ndipo aliponieleza habari yenyewe. Kamyo, lori la mifugo, ilileta ng'ombe saba kwenye ua wa tajiri. Sita walishuka. Wa saba alipokuwa ameshakanyaga chini kwa miguu ya mbele, huku ya nyuma ikiwa bado juu ya ubao wa kushukia, ubao ukateleza. Baba aliitwa mbio aje kumchinja kabla hajafa, maana akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi, na kabla ya hapo ni mateso tu. Alipofika akawakuta muuzaji na mnunuzi wanabishana kwenye simu. Muuzaji anasema ng'ombe alishakanyaga ua wa tajiri, ni mali ya tajiri. Tajiri anasema yeye hununua ng'ombe aliyesimama, huyo hajamnunua, ni mali ya muuzaji.

"Sasa nani anasema achinjwe?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye taabu. Mwenye kusema chinja ndiye mwenye ng'ombe, na hasara ni yake. Hakuna mutu anataka kusema."

"Na wewe?"

"Mi siwezi kuchinja kitu ya mutu bila neno ya mwenyewe."

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Hapa waliopigana walikuwa wafanyabiashara wawili wenye vitambi, tena kila mmoja yuko kwake kivulini, na aliyeumia alikuwa ng'ombe mwenyewe.

Tulimkuta amelala pembeni mwa ua, karibu na ukuta wa matofali. Alikuwa jike la rangi ya kahawia, mwenye pembe ndefu zile za ng'ombe wa kwetu zinazopanda juu kisha zikajikunja ndani. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Baba na zamu, mlinzi wa pale, walikuwa wameshamgeuza tangu jana akaelekea kibla, ili neno likitoka tu kusiwe na kumsumbua tena. Zamu huyo alikuwa mzee kutoka milimani aliyekua na ng'ombe, na alikuwa amemwekea majani mabichi na maji kwenye bidoni, dumu la plastiki lililokatwa. Alimsemesha Kirundi kwa sauti ya chini kila alipopita. Tajiri na muuzaji wote wawili walitaka awe shahidi wao, aseme miguu ilikuwa wapi ubao ulipoteleza. Yeye aliwajibu wote jibu moja.

"Mi nilikuwa nafungua mulango. Sikuona kitu."

Nikakaa juu ya tofali nikaanza. Sijawahi kufanya kazi vile. Mnyama mzima, hakimbii, hageuki, jua linamwangukia ubavuni, na kila mfupa unaonekana. Baba alikaa karibu yangu na mara kwa mara alishindwa kujizuia. "Bega iko juu zaidi," alinong'ona, "ng'ombe akilala bega inapanda." Alinionyesha kwa kidole kwenye mwili wake mwenyewe wapi ubavu wa mwisho unaishia. Mtu asiyetaka sanamu nyumbani mwake alikuwa ananifundisha mnyama kutoka ndani kwenda nje, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kama yeye siku ile. Kati ya bega na mbavu alipiga simu. Tajiri alisema muulize muuzaji. Muuzaji alisema muulize tajiri, kisha akazima simu.

Jioni tukaondoka, ng'ombe akabaki. Nilimwomba baba tumwite daktari wa mifugo. Akasema daktari pia atauliza ng'ombe ni ya nani, na mguu ya ng'ombe haifungwi plasta.

Jumatano aliacha kula. Majani ya jana yalikuwa palepale, yamenyauka. Inzi walikaa kwenye macho yake na hakuwa na nguvu ya kuwapukusa, basi baba akachukua tawi akakaa anawafukuza. Kila baada ya muda alitoa sauti fupi kifuani, si mlio, ni pumzi iliyokwama tu. Nilikuwa nimemaliza mgongo, tumbo, miguu yote minne, hata ule uliovunjika. Kichwa nilikuwa nimekifinyanga vizuri. Shingo ndiyo iliyonitesa. Alikuwa ameiinua kidogo, kichwa hakikugusa chini, na ngozi iliyoning'inia chini ya shingo ilijikunja kwa namna ambayo kila nikiishika kwenye udongo inakuwa pazia. Niliifuta mara nne.

Saa sita ilikaribia. Baba alipiga simu mara ya mwisho, hakuna aliyepokea. Akaiweka mfukoni, akamtazama ng'ombe, kisha akamtazama zamu.

"Leo naimaliza," akasema. "Wanifanye wanachotaka."

Nilijua maana yake. Tajiri yule ndiye aliyempa kazi nyingi kuliko wengine, na mtu akichinja ng'ombe wa watu bila ruhusa hakuna atakayemwita tena. Zamu naye alijua. Alisema anakwenda kuangalia barabarani, akatupa mgongo, akasimama getini anatazama nje.

Baba alikwenda nyuma ya ukuta kunoa kisu, kwa sababu hakinolewi mbele ya mnyama. Nilisikia jiwe. Aliporudi alikuwa amekificha kwenye koti. Akapiga goti, akaweka mkono wa kushoto juu ya shingo ya ng'ombe, pale pale nilipokuwa natazama, na ngozi ile ikatulia chini ya vidole vyake. Nikaona kwa mara ya kwanza jinsi inavyokaa. Nikaielewa yote, kuanzia taya mpaka kifuani.

Akageuza uso kwangu.

"Umemaliza, mama?"

Nikasema, "Bado shingo. Ningojee kidogo, baba. Dakika kumi."

Hakuniuliza mara mbili. Aliondoa mkono, akasimama, akaenda kukaa kwenye tofali na koti lake limefungwa vifungo vyote katika jua lile. Mimi nikafanya kazi. Nilifanya haraka na bila kukosea, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, na ninakumbuka kwamba kwa muda ule sikusikia pumzi za ng'ombe wala inzi wala kitu chochote. Nilikuwa na raha. Mtu akiniuliza msukumo ni nini, mimi naujua: ni zile dakika.

Nilipoinua kichwa kusema nimemaliza, honi ilikuwa inalia getini. Karani wa tajiri alikuwa amekuja kwa pikipiki na karatasi. Alisema tajiri na muuzaji wamekubaliana kukutana Ijumaa na watu wazima wa kuamua, na mpaka hapo ng'ombe asiguswe na mtu, aonekane kama alivyoanguka. Alimpiga picha kila upande. Akaona mimi na udongo wangu, akauliza hapa ni shule au ni depo ya nyama. Akatutoa nje, akafunga geti kwa kufuli lake mwenyewe, funguo akaenda nazo. Zamu aliachiwa mlango mdogo wa upande, na onyo.

Baba alimwomba. Sijawahi kumsikia akiomba mtu vile. "Kijana wangu, iko na taabu, inaumia, niache dakika moja tu." Karani alikuwa na umri wangu. Alisema yeye katumwa tu.

Alhamisi baba alikwenda peke yake akasimama nje ya geti mpaka alasiri. Mimi sikwenda. Nilisema nina kazi ya shule, na ni kweli sanamu ilihitaji kukaushwa polepole isipasuke. Ijumaa baada ya alfajiri zamu alipiga simu kusema amekufa. Alisema alimsikia kwa siku mbili, mchana na usiku, na usiku wa pili alitoka akaenda kulala upande wa barabara. Mzoga ulibebwa kwa mkokoteni, ukafukiwa. Wale mabwana wawili hawakukutana tena, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugombea.

Habari ilifika Buyenzi kabla ya sala ya Ijumaa. Jioni wazee walikuwa kwenye baraza yetu, na mmoja wao, rafiki wa baba tangu utoto, akamtania kwamba mchinjaji mzima ameachia ng'ombe akafa mikononi mwake. Mimi nilikuwa nawamiminia chai.

"Nilichelewa," baba akasema.

Hakunitazama. Nilimalizia vikombe, nikaingia ndani, nikakaa jikoni na birika tupu mikononi. Mlango ulikuwa wazi, wote wangenisikia kama ningetaka kusema, na sikusema.

Wiki tatu baadaye tuliweka kazi zetu mezani mbele ya walimu. Baba alikuja, amevaa kanzu na kofia, akakaa nyuma kabisa. Nilisoma ukurasa wangu. Niliandika juu ya subira ya wanyama na mikono ya mzazi, maneno mazuri, hakuna uongo ndani yake na hakuna ukweli. Mwalimu wetu alizunguka sanamu mara mbili. Alisema mwili ni kazi ya mwanafunzi mzuri, lakini shingo ni jambo lingine, na akauliza shingo ile ilinichukua muda gani.

"Dakika kumi," nikasema.

Akawageukia wenzangu akawaambia wasikie hilo, wajifunze. Watu wakapiga makofi, na nilipotazama nyuma baba naye alikuwa anapiga.

Tulirudi kwa miguu. Tulipokaribia soko nilishindwa, nikamwambia. Nikasema, "Baba, si wewe uliyechelewa, ni mimi. Mimi nilikuambia ungoje."

Aliweka mikono nyuma, akaendelea kutembea.

"Mi najua. Lakini mi nilikuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa. Kazi ya kuchinja haina kuuliza mutoto. Nilitaka mutu aniambie ngoja."

Nilianza kupumua. Nilidhani amenipokea ule mzigo, na nilikuwa tayari kumwachia.

"Ungesema umemaliza," akasema, "ningechinja."

Hakunilaumu, naijua sauti yake ya kulaumu. Alikuwa ananieleza tu ilivyokuwa, kama alivyonieleza habari ya bega. Akauliza kama mama yangu alituagiza kitu chochote sokoni, nikasema vitunguu, tukaingia kununua vitunguu.