Homa ya Mama na Mahesabu Yangu

Nilipokuwa nasomea hisabati, mama alishikwa na mafua makali nyumbani kwetu Mpendae. Kila saa nilimtia kipimajoto mdomoni, ili nikadirie chembe zake za kinga zinaua virusi kwa kasi gani. Siku ya pili homa ilishuka ghafla. Kompyuta ikanipa kasi ya ajabu, nami nikampigia simu mwalimu wangu kwa furaha.

"Mpime tena," akasema.

Nikarudi chumbani, nikamkuta mama keshavaa buibui, anatafuna barafu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nshapona mie! Leo harusi Mkokotoni, na wewe ukiona homa utanizuia."

Nilimzuia kweli. Alininunia siku tatu, nami nikamweleza mwalimu kwamba chembe za mama yangu ni za kawaida tu.